Nilikuwa Naomba Muhuri, Siyo Ushauri

Naandika hii kwa ajili ya wale waliokabidhiwa kanisa, kwaya, idara ya vijana au hata kikundi kidogo tu cha maombi, na hasa wale ambao kila wakifungua mdomo watu wanajibu Amina. Mimi nilijibiwa Amina kwa miaka minne mfululizo na ndiyo kitu kilichoniponza.

Nilikabidhiwa ushirika nikiwa na miaka 34. Mchungaji aliyenitangulia alistaafu vizuri, hakuna ugomvi wowote, akanipa funguo na madaftari akaniambia "mwanangu, mimi nipo, ukikwama niite." Nikamjibu "amina baba", na sikumwita kwa miaka minne. Siyo kwamba nilimdharau, yani nilikuwa naogopa watu watasema huyu kijana bado anaendeshwa na mzee, na pia nilijua nikimuuliza kitu kimoja nitakuwa nimempa ruhusa ya kuniuliza na mengine. Kwa hiyo nikawa nampa heshima zote za hadharani, namkalisha mbele, namtaja kwenye salamu, siku ya kuzaliwa nampigia simu, ila kumuuliza jambo la maana hapana. Heshima ya namna hiyo ni rahisi sana kuitoa maana haikugharimu kubadilisha chochote.

Tulikuwa kama watu 180 Jumapili, tunakodi ukumbi. Mwaka wa nne nikapata mzigo moyoni wa kuwa na jengo letu wenyewe. Na hapa niseme wazi, mpaka leo siamini kwamba wazo lenyewe lilikuwa baya. Kanisa linalohama hama ukumbi linachoka, watoto hawana pa kufundishiwa, vyombo vinabebwa kila wiki. Wazo lilikuwa zuri kabisa, na hiyo ndiyo shida yake, kwa sababu wazo likiwa zuri unaona kama halihitaji kuulizwa.

Kosa la kwanza nililifanya Jumapili moja asubuhi, dakika kama tano tu. Nilikuwa nimefunga siku 7, nimejaa, nikasimama mimbarini nikasema "Mungu amesema nami, mwaka huu hautaisha tukiwa wapangaji." Watu wakaruka, kelele, wengine wakalia. Wazee wa kanisa walikuwa wamekaa mstari wa mbele wanalisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza pamoja na wageni waliokuja siku ile. Nimewaza sana hilo baadaye. Ukishasema "Mungu amesema" mbele ya watu wote, umewafunga midomo washauri wako wote kwa mara moja, kwa sababu kuanzia hapo anayeuliza swali habishani na wewe tena, anaonekana anabishana na Mungu. Nani atanyoosha mkono? Na wewe mwenyewe umejifunga, huwezi kurudi nyuma bila kuonekana kwamba ulisingizia.

Basi baada ya pale nikafungua grupu la WhatsApp nikaliita wabeba maono, tulikuwa watu 11. Nikichagua majina sikujiambia kwamba nachagua wanaonikubali, nilijiambia nachagua "wenye imani". Nilikuwa naandika wazo saa nne usiku, mpaka saa tano nina Amina 8 na vidole gumba viwili, nalala nikijua nimeshauriana.

Kikao cha wazee kikaja wiki ya tatu. Mhazini wetu alikuwa mama mmoja mtulivu sana, ameshika hela za kanisa tangu enzi za mzee, hajawahi kupungukiwa hata na shilingi. Alikuja na karatasi moja tu. Akasema mchungaji, naomba dakika chache. Akaeleza kwamba mara ya mwisho tulipochukua ahadi, zilikuwa za kununua vyombo vya muziki, kwenye kila 10 zilizoahidiwa zililipwa 4, na hizo 4 zilichukua muda mara mbili ya tuliopanga. Akasema kwa hesabu hiyo mkataba unaotaka kuusaini utatushinda mwezi wa tano au wa sita. Halafu akasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo, "Mchungaji, ahadi siyo hela." Akasoma Luka 14, ile ya mtu anayetaka kujenga mnara akae kwanza ahesabu gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza watu wakamcheka. Ombi lake halikuwa kwamba tusijenge. Aliomba tusubiri mpaka nusu ya hela iwe mkononi ndiyo tusaini.

Nikamjibu kwa ukali wa kiroho, ule ambao hautukani mtu lakini unamuua. Nikasema "mama, asante, lakini hesabu za Mungu siyo hesabu za daftari", wengine wakacheka, akakunja karatasi yake. Mzee mmoja akataka kumuunga mkono nikamkumbusha kwa upole tu kwamba imeandikwa msiwaguse masihi wangu, yani waliotiwa mafuta na Mungu. Nilikuja kujua baadaye kwamba kabla hata kikao hakijaanza, mmoja wa wale wabeba maono alimwambia yule mama nje mlangoni, "mama leo usituharibie, sema kama wenzako."

Anayejua Biblia ameshaona kitu hapo. Mfalme Ahabu alikuwa na manabii kama 400 wanamwambia panda ukapigane Ramoth-Gileadi utashinda, Yehoshafati, mfalme mwenzake, akauliza hakuna mwingine tumuulize? Ahabu anasema yupo mmoja, Mikaya, lakini namchukia kwa kuwa hanibashirii mema. Na yule mjumbe aliyeenda kumwita Mikaya akamwambia, wenzako wote wamesema mema, na neno lako liwe kama lao. Iko 1 Wafalme 22. Mimi nilikuwa nimeihubiri hiyo sura, jamani, nimeihubiri mara mbili kabisa na watu wakanipongeza, na wakati naihubiri nilikuwa najiona mimi ndiye Mikaya.

Kuna kitu kingine kilichonipa nguvu ya kusaini. Kulikuwa na mtumishi mgeni alikuja kuhudumu kwetu siku tatu, siku ya mwisho akaniwekea mikono akasema anaona mlango umefunguka na nisiuache mwezi uishe. Nikapiga magoti nikalia. Baadaye sana nikagundua kwamba mmoja wetu ndiye aliyekuwa anamtembeza, na njiani alimsimulia habari yote ya jengo mpaka tarehe ya mkataba. Sisemi yule mtumishi alikuwa na nia mbaya, inawezekana alitaka tu kunitia moyo, lakini mimi niliyasikia maneno yangu mwenyewe yakirudi kutoka mdomo wa mtu mwingine nikayaita uthibitisho.

Ndugu mmoja kanisani anayeelewa mambo ya mikataba aliniomba auone mkataba walau usiku mmoja. Nikamwambia tunasaini kesho asubuhi. Tulisaini. Kulikuwa na malipo ya awali, kisha malipo ya kila mwezi kwa miezi 24, na kulikuwa na kifungu kwamba tukichelewa miezi 3 mfululizo mkataba umekufa na tulicholipa hakirudi. Nilikisoma hicho kifungu kwa macho yangu. Nilikiona kama kitu cha watu wengine.

Miezi mitatu ya kwanza mambo yalienda vizuri mpaka nikawa namwangalia yule mama kwa huruma. Mwezi wa nne ahadi zikaanza kulegea. Wa tano zikashuka kabisa, sawasawa na alivyosema. Sasa hapa ndipo nilipofanya kitu ambacho bado naona aibu kukiandika. Tulikuwa na mfuko wa wajane na wagonjwa, mdogo tu, watu wanaweka kidogo kidogo kila mwezi. Nikachukua humo kulipia mwezi wa tano, nikajiambia nitarudisha wiki mbili. Mwezi wa sita nikachukua tena. Mhazini aliniachia nitoe kwa sababu nilimwambia ni dharura na risiti zitakuja. Mwezi wa saba akaniandikia meseji fupi, "Mchungaji shikamoo, naomba zile risiti za mfuko wa wajane nifunge mahesabu." Hiyo tu. Nikaisoma kama mashambulizi.

Wiki ileile nikaitisha wazee nikasema nimeongozwa kumpumzisha mama yetu kwenye uhazini kwa sababu za kiroho. Sikusema sababu gani. Kwenye kanisa ukisema sababu za kiroho bila kuzitaja, kila mtu anajaza mwenyewe, na wengi walijaza kwamba amekula hela. Sikusema ameiba ila niliwaacha waamini hivyo, na mbele za Mungu sioni kama kuna tofauti.

Usiku ule mke wangu aliniuliza tukiwa tumeshazima taa, "Hivi huyu mama ulimsikiliza kweli?" Nikamjibu asikubali kutumiwa na adui ndani ya nyumba yangu. Alinyamaza. Hakuniuliza tena habari ya kanisa kwa miezi kadhaa, na mimi mjinga nikaona ule ukimya ni amani.

Mwezi wa tisa mkataba ukafa. Kila tulichokuwa tumelipa kilienda. Kwa mapato yetu ya wakati ule ilikuwa kama sadaka zote za mwaka mzima na zaidi kidogo. Katika miezi minne iliyofuata tuliondokewa na watu 43, na wengi hawakuondoka na kelele, walichoka tu, Jumapili moja hayupo, ya pili hayupo, unapiga simu anakwambia yuko safarini. Grupu la wabeba maono lilikufa taratibu, wawili wakajitoa usiku, waliobaki wakawa wanatuma salamu za asubuhi.

Lakini kilichonivunja siyo hela ya jengo. Kuna mjane mmoja aliugua, akaja ofisini kuomba msaada wa matibabu kutoka kwenye mfuko ambao yeye mwenyewe alikuwa anauchangia akiwa mzima. Mhazini mpya akafungua daftari akaniangalia. Hapakuwa na kitu. Nikamwambia yule mjane tutaomba pamoja naye, nikaomba kweli, na wakati naomba nikasikia sauti yangu mwenyewe nikashindwa kuimalizia ile sala.

Kesho yake nikaenda kwa mzee, yule mchungaji aliyenitangulia.

Nilitegemea anihubirie. Nilikuwa nimejiandaa hata na majibu. Alinisikiliza bila kunikatiza, kama saa nzima hivi, kisha akaniuliza maswali matatu tu. Nani alikwambia usifanye? Nikamtajia. Ulimjibu nini? Nikamwambia, ile ya hesabu za daftari. Yuko wapi sasa hivi? Hapo nikashindwa kujibu nikaanza kulia. Akasubiri nimalize akasema, "Mwanangu, nenda kwake kwanza. Maombi tutafanya ukirudi." Nikamwuliza kwa nini hukuniita baba, uliona yote haya, kwa nini ulikaa kimya? Akasema nilikuita mara mbili, mara zote mbili uliniambia una ratiba. Ni kweli. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Kwa yule mama nilienda na mke wangu. Nilijua atalia au atanifukuza, hakufanya lolote kati ya hayo. Nilipomaliza kuomba msamaha aliingia ndani akarudi na daftari lake mwenyewe, akauliza, "Hela ya wajane itarudi lini?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Tukapanga pale pale. Nikasimama mbele ya kanisa Jumapili iliyofuata nikasema kila kitu kwa majina yake, kwamba mama hakuchukua chochote, mimi ndiye nilichukua kwenye mfuko bila kibali, na kwamba ile "Mungu amesema" niliisema kabla sijapima. Wazee walitaka nipunguze makali, wakasema utaharibu heshima ya madhabahu. Sikupunguza, na nashukuru. Mfuko ulirudishwa wote ndani ya miezi 14, sehemu kubwa ikikatwa kwenye posho yangu. Yule mama alinisamehe lakini alikataa kurudi kwenye uhazini, alikubali tu kuwa mkaguzi wa mahesabu, na nadhani alikuwa sahihi. Kusamehewa hakumaanishi vitu vyote vinarudi mahali pake palepale, viongozi wengi huwa tunalilazimisha hilo.

Sasa nieleze nilichokiona baada ya hapo maana ndiyo sababu ya kuandika.

Watu wakiongelea ushauri kwa viongozi wanakimbilia mfalme Rehoboamu, kwamba aliwaacha wazee akasikiliza vijana, ufalme ukagawanyika. Wanamalizia hapo, wazee wazuri vijana wabaya. Lakini ukiisoma polepole 1 Wafalme 12 utaona jamaa alifuata utaratibu wote. Watu walipomwomba awapunguzie mzigo, aliomba siku 3 za kufikiri, akaita wazee, akaita na rika lake. Ukimtazama kwa nje huyu ni kiongozi msikivu kabisa. Ila akiwauliza wazee anasema niwajibu nini watu hawa, akiwauliza vijana anasema tuwajibu nini. Ameshahamia upande. Alikuwa na uamuzi mfukoni anatafuta mtu wa kuugongea muhuri, na mimi ndivyo nilivyokuwa. Kama ungeniuliza wakati ule kama nashauriana ningekuonyesha grupu, mihtasari ya vikao, na unabii juu yake.

Kwa hiyo siku hizi kipimo changu cha kwanza ni muda. Je, nauliza kabla sijatangaza au baada? Tumekubaliana na wazee kwamba hakuna jambo kubwa linalofika mimbarini kabla halijalala kwenye vikao viwili tofauti. Viwili, kwa sababu kikao cha kwanza watu wanasikiliza tu na kushtuka, hoja za maana zinakuja wakishalala nalo nyumbani. Hata nabii Nathani alihitaji usiku. Daudi alimwambia anataka kumjengea Mungu nyumba (jengo tena, unaona), Nathani akajibu palepale fanya yote yaliyo moyoni mwako maana Bwana yu pamoja nawe. Usiku uleule Mungu akamwambia hapana, siyo Daudi, atakuja kujenga mwanawe. Nabii wa kweli, mtu wa Mungu kabisa, jibu lake la haraka halikuwa sahihi, na akarudi kwa mfalme kulirekebisha. Mimi napenda sana hapo anaporudi. Na Daudi hakumwambia mbona jana ulisema vingine. Alikubali, na ukisoma 1 Mambo ya Nyakati 22 anaonekana anakusanya mbao na mawe na chuma kwa ajili ya Sulemani. Wazo zuri, ila halikuwa la kwake kulitekeleza.

Na ni Nathani huyohuyo aliyekuja kumwambia "wewe ndiwe mtu huyo" baada ya Daudi kumchukua mke wa Uria na kumuua Uria mwenyewe. Daudi alikuwa masihi wa Bwana kuliko mimi mara elfu na aliguswa vizuri tu. Lile andiko la msiwaguse masihi wangu, Zaburi 105, linaongelea kina Ibrahimu walipokuwa wachache, wageni, wanatangatanga, Mungu akiwalinda wasidhulumiwe na wafalme. Wafalme ndio walioambiwa wasiguse! Sisi tumeligeuza likawa ngao ya mkubwa dhidi ya mdogo anayeuliza risiti.

Kitu kingine ni namna ya kuuliza. Zamani nilikuwa nauliza "mnaonaje, twende?" na hilo swali lina jibu moja tu. Sasa hivi nauliza "tukifanya hivi, nini kitaharibika?" na nakaa kimya hata kama dakika mbili hazina maneno, ni ngumu sana kwa mhubiri kukaa kimya dakika mbili, jaribu uone. Halafu mimi naongea mwisho. Nikianza mimi, waliobaki wote wanatafsiri maneno yangu tu. Na asiyekubaliana jina lake na sababu yake vinaandikwa kwenye muhtasari, siyo kumtia hatiani, bali tukikosea tujue nani aliona mbele tumfuate tena.

Kuhusu nani wa kumuuliza, nimejifunza kutafuta mtu ambaye hatapoteza kitu nikikasirika. Anayelipwa posho na mimi, ninayempangia zamu ya kuhubiri, ninayetarajiwa kumfungisha mwanae ndoa mwezi ujao, hao nawapenda ila ushauri wao nausikia nikijua umepita kwenye woga kidogo. Ndiyo maana nina watu wawili nje ya ushirika wetu kabisa, mmoja ni yule mzee, mwingine ni mchungaji mwenzangu wa dhehebu jingine ambaye hatuna cha kugombania. Wana ruhusa ya kuniuliza kuhusu hela, ndoa yangu na muda wangu wa maombi, wakati wowote. Mambo ya siri za waumini siwapelekei na majina, na kwenye grupu hayaendi kabisa hata bila majina, watu wanajuana.

Na mke wangu nimemuomba msamaha, ila ilichukua muda kuanza kuniambia tena anachokiona. Huo mlango ukiufunga wewe kwa sentensi moja unafunguka kwa miezi.

Lakini msielewe vibaya, siyo kila anayekupinga ni Mikaya. Tuna mzee mmoja, Mungu ambariki, hajawahi kukubali kitu kipya tangu nimjue, hata kubadilisha muda wa ibada kwa nusu saa alisema ni dalili za siku za mwisho. Hapana yake naisikiliza, lakini haina uzito uleule kwa sababu inakuja kabla hajasikia swali. Na siyo kila mwenye akili nyingi ni mshauri wa kimungu. Ahithofeli, mshauri wa Daudi, shauri lake lilihesabiwa kama mtu aliyeuliza neno la Mungu, na bado akili ile yote akaipeleka kwa Absalomu, mwana aliyemwasi Daudi. Mimi napimia Yakobo 3:17, hekima itokayo juu ni safi, ya amani, ya upole, iko tayari kusikiliza, imejaa rehema, haina unafiki. Yule mama ukimpima hapo anafaulu vyote. Hakwenda kunisema nje, hakutengeneza kundi, aliongea mbele yangu, kwa karatasi, akaomba tusubiri, akashindwa, akaendelea kufanya kazi yake. Maneno yake hayakuanza na "Bwana asema hivi", na ndiyo maana sikuyatambua.

Yethro pia ananifundisha hapo. Alikaa kwanza siku nzima akimtazama Musa anavyoamua kesi za watu toka asubuhi mpaka jioni, akauliza kwanza, kisha ndiyo akasema hili unalolifanya si jema, utachoka wewe na hawa watu. Akampa na njia ya kufanya, wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, wa kumi. Halafu akaweka na neno hili, kama Mungu akikuagiza hivyo. Yani hata shauri zuri vile aliliweka chini ya Mungu, hakumlazimisha. Mtu anayekushauri halafu anakutisha kwamba usipofanya utalaaniwa, mwogope. Na Musa, mtu aliyesema na Mungu uso kwa uso, alimsikiliza mkwewe, kuhani wa Midiani, tena kwenye jambo la utaratibu wa kazi tu. Sijui mimi nilijiona nani.

Mengine ni ya kiutendaji na nayapitia haraka. Kutoa hela kunahitaji saini mbili na moja isiwe ya mchungaji. Mfuko wa wajane hauguswi kwa jambo jingine hata kama ni la Mungu. Mkataba wowote usomwe na mtu asiye na hamu nao, usiku wa manane wa kufunga siyo muda wa kusaini kitu. Mgeni anayekuja kuhudumu asisimuliwe mambo yetu. Na kama jambo kweli ni la dharura kiasi kwamba huwezi kumpigia simu hata mtu mmoja, mara nyingi kinachokuharakisha ni aibu ya kurudi nyuma.

Imepita miaka mitatu sasa. Bado tunakodi ukumbi. Tuna akiba ya jengo inayokua polepole, na mwezi uliopita tumeonyeshwa sehemu nzuri sana, bei nafuu, mwenyewe anataka jibu haraka. Nimekaa nayo nyumbani wiki nzima na nimeanza kujisikia tena ule moto wa zamani, nimeanza hata kukusanya mistari. Kikao cha kwanza ni Jumamosi. Juzi nilimpelekea yule mama mkataba na mahesabu, nikamwambia naomba uniambie nini kitaharibika. Akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza, akasema ana maswali saba na bado hajafika katikati.